Aliyepigwa mionzi ya shingo miaka mingi nyuma: mishipa ya shingoni ipimwe vipi, na nani aanze?

Tabibu_Kasulu

Habari za jioni wakuu, na shikamooni mliotutangulia.

Kwenye kliniki za presha za vituo vya afya huku Kasulu wanakuja watu waliowahi kupigwa mionzi ya shingo kwa saratani ya zoloto, ya nyuma ya pua au ya matezi. Walitibiwa Ocean Road au Bugando, wakaambiwa wamepona, wakarudi nyumbani. Daftari la presha halina mahali pa kuandika mionzi. Ukijua, umejua kwa sababu umeiona ngozi ya shingo imekuwa nyeusi na ngumu, au ndevu zimegoma kuota upande mmoja.

Yupo mmoja wodini sasa. Mwanamume wa makamo, mionzi ya zoloto na shingo miaka 11 iliyopita. Kadi yake imeandikwa 66 Gy (grei, kipimo cha dozi ya mionzi) kwa vipande 33, yaani alipigwa mara 33. Tumbaku aliacha wakati wa matibabu. Presha haitabiriki: asubuhi 175/100, mchana 105/60, dawa ni zilezile. Siku nne zilizopita jicho la kushoto lilifunikwa na giza kutoka juu kushuka chini, kama dakika tano, kisha likafunguka lenyewe. Mikono, miguu na maneno viko sawa. Kushoto shingoni nasikia mvumo kwa stetoskopu. Vidonge vikubwa havipiti kooni, mkewe anavisaga.

Naomba kueleweshwa: hii ni mionzi au ni presha ya kawaida? Mpimaji wa ultrasaundi nimwandikie nini ili asinirudishie "shingo kawaida, hakuna uvimbe"? Dawa gani zianze hapa hapa? Na baada ya huyu, wale wengine wasio na dalili yoyote tufanye nao nini?

Dkt_Mionzi_Mwanza

Dokta, huyo ni wa dharura. Nijibu hilo kwanza, sababu baadaye.

Jicho moja kuingia giza kama pazia linaloteremka, halafu likarudi, ni kiharusi cha mpito. Jicho linapata damu kutoka mshipa wa upande wake, kwa hiyo jicho la kushoto linaelekeza kwenye mshipa wa kushoto. Ingekuwa mkono au mguu, ungelegea wa kulia, kwa sababu ubongo unatawala mwili kinyume. Dalili zako zinakubaliana: jicho la kushoto, mvumo wa kushoto. Hatari ya kiharusi kamili ni kubwa zaidi saa 48 za mwanzo na inaendelea kuwa juu wiki ya kwanza na ya pili. Mshipa ukikutwa umebana vya kutosha, faida ya kuuzibua inapatikana zaidi ndani ya siku 14 tangu dalili. Nne zimekwisha. Asipangiwe tarehe ya mwezi ujao.

Mvumo usikutie moyo wala usikukatishe tamaa. Mshipa uliobana sana sana unaweza kunyamaza kabisa kwa sababu damu inayopita ni kidogo. Na kizunguzungu peke yake, au kuzimia, mara chache sana huwa ni kazi ya mishipa hii. Usije ukajaza foleni ya ultrasaundi kwa kizunguzungu.

Sasa, ni mionzi au ni presha? Ni vyote viwili, na mionzi ndiyo iliyotangulia. Matezi ya shingo tunayoyalenga yamelala ubavuni mwa mshipa wenyewe, kutoka kwenye mtulinga hadi chini ya taya. Huwezi kuyapa 60 au 66 Gy bila mshipa kupata karibu kiasi hichohicho. Mionzi inaumiza ngozi laini ya ndani ya mshipa. Inaziba pia vijishipa vidogo vinavyolisha ukuta wa mshipa, ukuta unakosa chakula, tabaka la nje linageuka kovu gumu. Baada ya hapo ukoko wa mafuta unajijenga haraka kuliko kwa mtu wa umri huohuo asiyepigwa mionzi. Mabadiliko huanza kuonekana kama miaka 5 baadaye, na kadiri unavyovuka 10 yanazidi. Presha, kisukari, lehemu na tumbaku vinapanda juu ya jeraha ambalo tayari lipo.

Jambo moja linalosahaulika: mbinu ya zamani ya mashine ya kobalti ilikuwa kupiga kutoka kulia na kushoto, miale miwili inayotazamana. Uvimbe ungekuwa upande mmoja, mishipa yote miwili imekula dozi sawa. Kwa hiyo usikubali ripoti ya upande mmoja.

Anayehesabika kuwa hatarini ni aliyepata takriban 50 Gy na zaidi shingoni akiwa mtu mzima. Waliopigwa wakiwa watoto, hesabu inaanzia chini, 40 Gy. Usiwasahau wanawake wa saratani ya titi waliopigwa juu ya mtulinga, maana kwao kinachoumia ni mshipa wa mkono na mwanzo wa mshipa wa shingo; pima presha mikono yote miwili, tofauti ya zaidi ya 15 hadi 20 kwenye namba ya juu ina maana mkono mmoja unadanganya, na tangu siku hiyo utumie mkono wenye namba kubwa. Aliyekunywa dawa ya aidini yenye mionzi kwa ajili ya tezi la shingo si kundi hili. Ulizeni vizuri, kwa sababu wagonjwa huita vyote "mionzi".

Ultrasaundi_Tabora

Nashukuru dokta kwa kuuliza habari ya fomu, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapotea. Ukiandika "ultrasaundi ya shingo" utapimiwa tezi la thairoidi na matezi ya limfu. Andika hivi: "Dopla ya mishipa ya karotidi pande zote mbili, shina lote kutoka mtulingani hadi chini ya taya. Alipigwa mionzi ya shingo, 66 Gy, miaka 11. Giza la muda jicho la kushoto." Dopla ni ultrasaundi inayopima mwendo wa damu, na karotidi ni mishipa mikubwa ya shingoni inayopeleka damu kichwani. Mstari wa mionzi unabadilisha namna ya kupima. Nieleze kwa nini.

Mshipa wa mtu asiyepigwa mionzi huchafuka kwenye panda, yaani pale shina linapogawanyika kuwa tawi la ndani linaloenda kwenye ubongo na tawi la nje linaloenda usoni. Mpimaji aliyezoea hao hukimbilia panda, anachukua kasi ya damu kwenye tawi la ndani, anamaliza. Mshipa wa mionzi huchafuka kwa urefu, na mara nyingi kwenye shina lenyewe, chini ya panda. Ukoko wake unaweza kuwa laini na mweusi kwenye picha, hauna chokaa ya kung'aa, kwa hiyo picha ya kawaida bila rangi inaupita. Wapimaji wenzangu, washeni rangi ya dopla, ile inayoonyesha damu inavyotembea, kuanzia mtulingani.

Mgonjwa alale chali. Kwa kawaida tunaweka mto mdogo chini ya mabega ili shingo ijinyooshe. Kwa shingo iliyokakamaa na mionzi usilazimishe, acha mto chini ya kichwa na umgeuze uso kidogo tu. Tumia proba (kichwa cha mashine kinachowekwa kwenye ngozi) bapa ya megahezi 7 hadi 12. Ngozi ikiwa nene na ngumu, picha ikafifia, shuka hadi 5, na chini ya taya unaweza kulazimika kuchukua proba ya tumbo. Anza kwa kukata mshipa kwa upana kutoka chini kwenda juu, uone ukuta wote, ndipo ugeuze kwa urefu. Unene wa ukuta usiozidi milimita 0.9 hivi si wa kutisha; kuanzia 1.5 huo ni ukoko, uandike na uupime urefu wake.

Halafu kasi. Pembe ya dopla isizidi nyuzi 60, na uiandike kwenye ripoti, kwa sababu mwakani mtu mwingine akipima kwa pembe tofauti atatangaza ugonjwa umeongezeka kumbe ni pembe. Kidirisha cha kupimia kiwe kidogo, milimita 1.5 hadi 2, kiwekwe pale rangi inapochanganyika zaidi na mara tu baada ya hapo. Kwenye tawi la ndani, kasi ya juu chini ya sentimita 125 kwa sekunde ni kubana kwa chini ya asilimia 50. Kati ya 125 na 230 ni asilimia 50 hadi 69. Zaidi ya 230 ni 70 kwenda juu. Kasi ya mwisho wa pigo, moyo ukiwa umepumzika, ikivuka 100 inatilia nguvu hiyo 70. Wengi hugawanya pia kasi ya tawi la ndani kwa kasi ya shina: ikivuka 4, mshipa umebana sana.

Huo mgawanyo ndio unaovunjika kwa mgonjwa wa mionzi. Shina likiwa limebana, kasi yake imepanda tayari, ukigawanya unapata namba ndogo nzuri na unaandika "kawaida". Ubaya wa pili: shina likibana chini, damu inafika kwenye tawi la ndani ikiwa imechoka, kasi inasoma 60 au 70, mchoro wa pigo umelala na unapanda taratibu. Ukisoma namba bila kutazama mchoro utasema tawi ni zima. Kwa hiyo shina lipimwe lenyewe kwa lenyewe: chukua kasi mahali penye wembamba, gawanya kwa kasi ya sehemu safi ya chini yake. Ikifika mara mbili, hapo pamebana kwa nusu au zaidi.

Kutofautisha matawi: la ndani kwa kawaida ni pana zaidi, limelala nyuma na pembeni, halitoi vitawi shingoni, na damu yake haikatiki kati ya pigo na pigo. Ukiwa na shaka, gonga kidole polepole mbele ya sikio; mchoro wa tawi la nje utatikisika. Ukidhani mshipa umeziba kabisa, shusha kipimo cha kasi ya rangi na kichujio kwanza, kwa sababu uzi mwembamba wa damu hauonekani kwenye kipimo cha juu. Tofauti hiyo ni kubwa: ulioziba kabisa hauzibuliwi, wenye uzi unaweza kuzibuliwa. Na upande mmoja ukiwa umeziba, upande wa pili unabeba mzigo wa wote wawili, kasi yake inapanda bila kubana. Usimpe mtu ugonjwa wa pande mbili kwa namba tu, tazama ukuta.

Proba usiikandamize. Shingo hiyo haivumilii, na ukikandamiza wewe mwenyewe ndiye unayeubana mshipa na kuupima.

Mfamasia_Ujiji

Dokta, habari ya dawa, nianze na jambo la kusaga, kwa sababu huenda ndilo linaloharibu presha yake. Uliza ni vidonge gani mkewe anasaga. Ikiwa ni nifedipini ya kutoka polepole, ile ya miligramu 20, ukiisaga dawa ya saa nyingi inamwagika yote kwa mkupuo. Presha inaporomoka mchana kama ulivyoandika, na kwa mtu mwenye mshipa uliobana huo mporomoko wenyewe unaweza kuleta kiharusi. Badilisha uweke amlodipini, hiyo inasagika bila madhara. Aspirini yenye ganda la kuyeyukia utumbo nayo haisagwi. Tafuta ile inayoyeyuka kwenye maji. Atovastatini, ile statini ya kushusha lehemu, inasagika.

Aspirini: kabla ya kumpa, mwangalie mdomo na koo kwa tochi. Kuna kidonda? Anatema damu? Mfupa wa taya umetokeza? Ikiwa hakuna, mpe miligramu 300 leo kisha 75 kila siku. Klopidogreli (dawa nyingine ya kuzuia damu isigande) ya kuongezea, yaani 300 mara moja kisha 75 kwa siku 21 pamoja na aspirini, inafaa zaidi ikianza siku ya kwanza. Kwake ni siku ya nne, aspirini itamsafirisha, ya pili waamue watakaompokea. Hayo ni kwa sababu dalili zimeisha kabisa. Mtu aliyepooza na bado amepooza asipewe aspirini kabla ya siti skani kuonyesha kwamba si damu iliyovuja kichwani. Na aliyepigwa mionzi ya shingo akianza kutoa damu mdomoni au kwenye kidonda cha shingo, hata kidogo na hata ikikoma yenyewe, huenda ukuta wa mshipa unapasuka. Huyo hapewi aspirini, anaondoka na gari sasa hivi.

Atovastatini miligramu 40 kila siku, na lengo ni lehemu mbaya ishuke chini ya 1.8 mmol/L. Lakini kabla ya kuongeza dozi pima TSH, kipimo cha damu kinachoonyesha kama tezi la thairoidi linafanya kazi. Mionzi ya shingo inaua tezi la thairoidi taratibu. Wagonjwa hawa wapimwe TSH kila miezi 6 hadi 12 maisha yao yote. Tezi likilala, lehemu inapanda, na statini juu ya tezi lililolala inaumiza misuli: mtu analalamika mapaja yanauma, anaacha dawa, mnamwita mkaidi. Tibu tezi, lehemu nyingine itashuka yenyewe. Levothairoksini, dawa ya tezi hilo, inywewe tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai, mbali na vidonge vya kuongeza damu na kalsiamu kwa saa 4, TSH irudiwe baada ya wiki 6 hadi 8.

Anayetumia dawa za VVU zenye ritonavia asipewe simvastatini hata kidogo, na atovastatini iwe dozi ndogo. Za dolutegravia hazina ugomvi huo. Rifampisini ya kifua kikuu inapunguza nguvu ya atovastatini. Erithromaisini na klarithromaisini zinaizidisha, kwa hiyo siku hizo chache za antibayotiki statini isimame.

Sista_Nzega

Niongeze kuhusu hiyo presha inayoruka. Pale kwenye panda ndipo mwili unapopimia presha yake wenyewe. Mionzi ikipachoma, kipimo cha mwili kinakufa ganzi: hasira, maumivu au baridi vinaipandisha hadi 200, akipumzika au akila inazama. Ukiongeza dawa kwa kusoma namba moja ya asubuhi, mchana utamwangusha. Apimwe amelala dakika 5, kisha asimame, apimwe dakika ya 1 na ya 3. Ikishuka 20 juu au 10 chini, andika wazi kwenye kadi. Kisha wiki nzima asubuhi na jioni kwenye daftari, ndipo dozi ibadilishwe, na ibadilishwe kidogo kidogo. Kwa huyu wa wodini msishindane na 175 mpaka mshipa ujulikane.

Kwa nyumbani, nasisitiza shingo isichuliwe, isipigwe chale wala isiumikwe pembe. Akienda kunyoa, kinyozi asimzungushe shingo hadi ilie. Kwa mshipa wenye ukoko huo mzunguko unaweza kuumeng'enyua ukapanda kichwani. Waambieni na ndugu wa nyumbani, kwa sababu wao ndio wanaomkanda wakiona shingo imekakamaa, na wanafanya kwa upendo.

Chakula: mawese ya Kigoma ni mazuri kwa macho, lakini karibu nusu yake ni mafuta yanayoganda. Kijiko kinatosha, si mchuzi unaoelea. Dagaa na migebuka waliokaushwa kwa chumvi waloweke na kumwaga maji mara mbili. Tumbaku, huku Tabora, ina njia nyingi za kuingia: ugoro pia ni tumbaku, na wakulima wa Urambo na Kaliua wanaoikausha ndani ya mabani wapewe nafasi ya kusema kwamba hawavuti lakini wanakaa kwenye moshi. Na kwa ndugu zetu wa Ujiji wanaofunga Ramadhani: mshipa umebana sana, kiu ya kutwa na dawa za presha havikai pamoja. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, aongee na shehe wake mapema.

Tabibu_Kasulu

Asanteni sana. Ni kweli, ni nifedipini na inasagwa. Tumeibadilisha jioni hii. Koo ni safi, aspirini ameanza. Ultrasaundi imefanyika leo: shina la kushoto lina ukoko mweusi wa urefu wa sentimita 4, kasi chini yake 70, kwenye wembamba 260. Tawi la ndani la kushoto linasoma 65, mchoro umelala. Kulia shina limenenepa lakini halijabana hata nusu. Naona ripoti ya haraka ingesema tawi la ndani ni zima.

Sasa rufaa. Aende akapasuliwe, au ile ya kuweka stenti (kijimrija cha waya kinachoushikilia mshipa uwe wazi)? Na barua iseme nini?

Dkt_Mionzi_Mwanza

Gawanya 260 kwa 70: inakaribia 4. Pamebana vibaya, na ndipo lilipotoka bonge la damu lililopita jichoni.

Aende leo au kesho. Hatua ya kwanza ni Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Kigoma, kwa siti skani ya kichwa, na ikiwezekana ya mishipa kwa dawa ya rangi (inayochomwa ili mishipa ionekane kwenye picha), kuanzia juu ya moyo hadi utosini, kwa sababu shina lililougua chini mtulingani halionekani lote kwa ultrasaundi. Piga simu kabla hajaondoka uulize kama mashine inafanya kazi leo na kama dawa ya rangi ipo. Aende na majibu ya kreatinini (kipimo cha figo) na sukari, pamoja na ECG (mchoro wa umeme wa moyo); mapigo yasiyo na mpangilio nayo hurusha mabonge, na ukiyakuta matibabu yanabadilika. Akitumia metifomini na figo ni dhaifu, isimame. Baada ya hapo ni Muhimbili, ambako taasisi ya moyo na ya mifupa na neva ziko kwenye uwanja uleule. Daktari wa Maweni aongee nao kwa simu kabla ya safari ajue nani anampokea. Kama kuna namna ya ndege, iwe ndege. Ikibidi treni au basi, dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, anywe maji njiani, na msindikizaji ajue dalili: mdomo kupinda, mkono kulegea, maneno kuchanganyika, jicho kuingia giza. Ikitokea, wanashuka kwenye hospitali ya karibu, hawangoji kufika Dar es Salaam. Dawa ya kuyeyusha bonge ina saa 4 na nusu tu tangu dalili, na haitolewi bila siti skani.

Stenti au kisu: shingo iliyopigwa mionzi inahesabiwa kuwa ngumu kwa upasuaji. Tabaka zimeshikana, kidonda kinachelewa kupona, na neva za sauti, ulimi na kumeza zinaumia kwa urahisi. Ndiyo maana wengi hupendelea stenti. Nayo ina gharama yake: mshipa wa mionzi una tabia ya kubana tena ndani ya stenti, kwa hiyo lazima arudi kwa dopla mwezi wa kwanza kupata namba zake za kuanzia, kisha kila miezi 6 hadi mwaka. Ndani ya stenti kasi huwa juu kidogo bila ubaya wowote. Zile 125 na 230 hazitumiki hapo, unalinganisha na namba zake mwenyewe. Aspirini na klopidogreli zitaenda pamoja si chini ya wiki 4 baada ya stenti. Hakikisheni zinapatikana huko Kasulu kabla hajarudi, kwa sababu kukosa klopidogreli wiki ya pili ni kuziba stenti.

Ana tundu la kupumulia shingoni? Hukutaja. Kama analo, kisu kinakuwa kibaya zaidi kwa ajili ya vijidudu. Na hata kama hana, zoloto lake litazamwe na daktari wa pua na koo kabla ya upasuaji wowote. Uzi mmoja wa sauti ukiwa umeshakufa na kisu kikaua wa pili, njia ya hewa inafunga.

Barua iwe fupi: tarehe na saa ya dalili, jicho gani, dakika ngapi. Mionzi: mwaka, hospitali, Gy, vipande, mashine ya kobalti au ya linaki, namba ya faili. Namba za dopla pande zote mbili pamoja na pembe. Presha amelala na amesimama. TSH, lehemu, kreatinini. Dawa, na saa ya kidonge cha mwisho. Kama kadi ya mionzi ingekuwa imepotea, andikia hospitali iliyomtibu kwa jina na mwaka, kumbukumbu hutafutwa. Usiache nafasi tupu.

Tabibu_Kasulu

Hana tundu. Gari linaondoka alfajiri, Maweni wamejibu mashine inafanya kazi.

Lile la mwisho: wasio na dalili. Kwenye rejesta tumepata wachache tayari, na dopla ni moja kwa wilaya nzima.

Ultrasaundi_Tabora

Mkuu, kwa hao hakuna ratiba moja inayokubaliwa na wote. Ukiwa na mashine moja, anza na waliovuka miaka 10 tangu mionzi wenye presha, kisukari au tumbaku, kisha waliovuka 5 wenye hayo hayo, kisha waliobaki. Kwa waliopigwa utotoni, miaka 10 baada ya mionzi wapate kipimo cha kwanza hata kama hawana lolote. Chini ya asilimia 50, arudi baada ya mwaka mmoja hadi miwili. Kati ya 50 na 69, miezi 6 hadi 12. Kuanzia 70, hata bila dalili, barua kwa bingwa, ingawa huyo si wa kuondoka alfajiri. Statini na kudhibiti presha vinamsaidia kuliko haraka.

Aspirini kwa asiye na dalili na mshipa haujabana nusu, Mfamasia aseme.

Mfamasia_Ujiji

Kwa huyo ningeshikilia mkono. Kooni mwake mnaweza kutoka damu, na ushahidi wa faida kwa waliopigwa mionzi ni mdogo. Statini na TSH kwanza. Ukoko ukifika nusu ya mshipa na koo ni safi, aspirini 75.

Na kwenye rejesta, dokta, ongeza safu mbili tu: "mionzi ya shingo, mwaka gani" na "TSH ya mwisho". Ziandikwe siku ya kwanza mgonjwa anapofungua daftari la presha.